Picha Isiyo na Onyo

Kila alasiri, baada ya kuosha vyombo, Rahmah alichukua simu ya mama yake ili asome kazi za nyumbani. Mwalimu Lamwaka, wa darasa la sita, alizituma katika kundi la WhatsApp la wazazi na wanafunzi.

Jumanne moja alikuta picha iliyotumwa na binamu yake. Dereva wa boda boda alikuwa amelala barabarani, uso umejaa damu. Rahmah alishtuka. Lakini papo hapo akawaza kwamba atakuwa wa kwanza kuwapa wenzake habari hiyo. Akaituma kundini bila neno lolote.

Kesho yake Aol, aliyeketi naye dawati moja, hakuja shuleni. Alhamisi pia hakuja. Wakati wa mapumziko Mwalimu Lamwaka alimwita Rahmah pembeni.

"Juzi Mama Aol alikuwa saluni akimsuka mteja," alisema kwa upole. "Ujumbe ulipoingia, alimwambia Aol aufungue, akidhani ni kazi ya nyumbani. Aol akakutana na picha yako. Unajua baba yake alifariki vipi?"

Rahmah alijua. Ilikuwa ajali ya boda boda, mwaka uliopita.

"Sikumfikiria, Mwalimu," alisema, machozi yakimlengalenga.

Alipofika nyumbani, mtaani Kibuli, alimweleza mama yake kila kitu, bila kuficha. Mama aliifuta ile picha, kisha akasema, "Vaa viatu. Twende Kansanga, kwenye saluni ya Mama Aol."

Walimkuta Aol akifagia nywele sakafuni mwa saluni. Hakuinua macho.

"Nisamehe, Aol," Rahmah alisema. "Nilitaka tu kuwa wa kwanza."

"Nilipiga kelele mbele ya wateja," Aol alijibu polepole. "Ungeandika kwamba ni ajali, nisingeifungua."

"Na mteja wangu aliondoka kichwa kimesukwa nusu," Mama Aol aliongeza, akitabasamu kidogo.

Rahmah aliomba simu ya mama yake, akaandika kundini: "Samahani kwa picha niliyotuma Jumanne. Naomba tuandike onyo kwanza kabla ya kutuma jambo la kutisha." Muda si mrefu Mwalimu Lamwaka akajibu: "Tangu leo hiyo ndiyo kanuni yetu."

Mama Aol alimshika Rahmah bega. "Mwanangu, unapotuma kitu huoni aliko anayekipokea. Mmoja yuko kazini mbele ya watu, mwingine amempakata mtoto, mwingine bado ana majonzi. Picha ya kutisha isiyo na faida, iache. Ikiwa lazima uitume, tanguliza onyo, ili mtu achague mwenyewe kuitazama au kuipita."

Aol aliegemeza ufagio ukutani. "Umekuja na daftari la hesabu?" aliuliza. "Kesho narudi shuleni, na sijui mmefika wapi."