Kuku Alivyotaka Kuvunja Chama

Navalayo aliamka kabla ya jua, kama kawaida yake. Alikamua ng'ombe, akachota maji kwenye chemchemi, akawasha moto, akambeba mtoto mgongoni. Mtoto aliitwa Elvis. Alikuwa bado ananyonya, na akilia, kijiji chote cha Malinya kinajua. Mumewe, Masinde, alikata miwa mbali huko upande wa Mumias, na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Kazi yote ya boma ilikuwa ya Navalayo.

Kazi aliizoea. Kilichomuuma ni kukosa mtu wa kucheka naye.

Alikuwa na marafiki wawili wa tangu utotoni, Pascalia na Maurine. Walisoma pamoja, wakaimba kwaya pamoja, wakaolewa vijiji vya jirani. Ungedhani watu kama hao wanaonana kila siku. Wapi! Walionana matangani tu. Walisalimiana wakisonga obusuma, ugali wa waombolezaji, wakaulizana habari za watoto, kisha kila mmoja akakimbilia kwake. Jamani, urafiki wa kungoja mtu afe ndipo muonane, huo ni urafiki gani?

Siku moja Mwalimu Jescah alipita bomani. Jescah alikuwa jirani, mama wa makamo, na alifundisha watu wazima kusoma katika jengo la kanisa. Alimkuta Navalayo ameinama kwenye kona ya jikoni.

"Mulembe, Mama Elvis. Unaongea na nani?"

"Mulembe, Mwalimu. Naongea na kuku."

"Na kuku?"

"Amelalia mayai, hawezi kunikimbia. Watu wote wana haraka."

Jescah alicheka, lakini macho ya Navalayo hayakucheka. Mwalimu akaona. Akavuta kigoda, akaketi.

"Wenzako wako wapi? Wale wa kwaya?"

"Wako kwao. Kila mtu ana mtoto, ana shamba. Na mimi nikienda kwao, naenda kufanya nini? Mtu haendi tu kwa watu bila sababu."

"Basi nitawapa sababu," Jescah alisema. "Nina kitabu cha hadithi. Ni kimoja tu, na jalada limetoka. Lakini mkikisoma kwa sauti, kimoja kinatosha masikio yote. Jumamosi wanaume wakienda kuangalia fahali wakipigana, nyinyi kaeni msome. Leo kwa huyu, kesho kwa yule."

Navalayo akapeleka habari kwa Pascalia na Maurine. Wote wawili walikubali kabla hajamaliza kusema.

Jumamosi ya kwanza walikutana kwa Pascalia. Hadithi ilihusu mama mmoja, Tabitha, mwuza maharagwe, ambaye alikosana na dada yake wa tumbo moja. Walisoma kwa zamu. Pascalia alisoma pole pole, kidole chini ya kila neno, na hakuna aliyemharakisha. Mama mkwe wa Tabitha alipoingia, Maurine alipiga makofi.

"Huyu namjua!" alisema. "Huyu anakaa kwetu! Nani alimwandika?"

Walicheka mpaka watoto wakaamka. Navalayo alijisikia mwepesi. Kumbe kicheko chake bado kilikuwapo.

Kisha Pascalia akaleta chakula. Ingokho! Kuku mzima, na obusuma wa moto. Imondo, ile firigisi, ilikuwa imewekwa kando kwa ajili ya baba wa nyumba, kama ilivyo desturi. Mgeni kwa Waluhya ni kuku, kila mtu anajua. Walikula, na kitabu kikafungwa baada ya kurasa mbili.

Jumamosi ya pili ilikuwa kwa Maurine. Maurine hakutaka kuonekana mdogo. Alichinja kuku, akaongeza chapati. Alikuwa jikoni tangu wageni walipofika, jasho linamtoka, na ukurasa mmoja tu ndio uliosomwa. Tabitha maskini aliachwa sokoni na gunia lake.

Zamu ya tatu ilikuwa ya Navalayo.

Wiki nzima hakulala vizuri. Kuku aliyebaki alikuwa mmoja tu, yule aliyelalia mayai. Akimchinja, vifaranga basi. Asipomchinja, atawapa wageni nini? Mboga? Wale mboga kwake baada ya kupewa kuku na chapati? Aliona aibu hata kuwaza.

Jumamosi ilipofika, Navalayo alifanya jambo la kijinga, na wewe msomaji usimcheke, kwa maana wengi wetu tumelifanya. Alifunga mlango kwa ndani. Akakaa kitandani na mtoto.

"Hodi!" Pascalia aliita nje. "Hodi, Mama Elvis!"

Navalayo alimnyonyesha mtoto ili asilie. Elvis alinyonya kidogo, akaachia, akatoa sauti ile yake.

"Yumo ndani," Maurine alisema. "Si huyo mtoto analia?"

"Labda ni mgonjwa."

"Mgonjwa angejibu. Hataki kutuona. Twende, Pascalia. Tusimlazimishe mtu."

Navalayo alisikia miguu yao ikienda. Akaweka uso kwenye mto akalia, mama na mtoto wakalia pamoja. Jumapili kanisani Pascalia alimsalimu kwa mbali. Maurine alimpita kama mtu anayepita mti.

Jumatatu Mwalimu Jescah alikuja, kitabu mkononi. Maurine alikuwa amemrudishia. Alikuwa amesema chama kimekwisha.

"Mama Elvis, kuna nini?" aliuliza.

Navalayo alinyoosha kidole kwenye kona ya jikoni. Kuku aliwatazama, akatanua mbawa juu ya mayai yake.

"Ni huyo," alisema. "Ningewapa nini, Mwalimu? Sina kingine. Nimewapoteza rafiki zangu kwa sababu ya kuku!" Akaanza kulia tena.

Jescah hakumkemea. Alimchukua mtoto, akamweka begani.

"Sikiliza, mama. Desturi yetu ni nzuri. Mgeni anayekuja mara moja kwa mwaka, mchinjie. Lakini mtu wa kuja kila wiki si mgeni tena, ni mwenzako. Ukimfanya mgeni kila wiki, utachoka wewe, na yeye ataogopa kuja. Chama kinakufa na watu bado wanapendana."

"Sasa nifanye nini?"

"Chukua kitabu. Nenda ukawaambie ukweli, vile umeniambia mimi."

"Maurine atanifukuza."

"Akikufukuza, utarudi kwangu tusome wawili. Lakini nenda."

Navalayo alikwenda kwanza kwa Pascalia. Kwa bahati alimkuta Maurine pale pale, wanapepeta maharagwe. Maurine alipomwona akageuza uso.

"Siku ile nilikuwa ndani," Navalayo alisema, akiwa bado amesimama. "Niliwasikia. Sikuwa mgonjwa. Sikuwa na kuku wa kuwapikia, nikaona aibu. Nisameheni."

Pascalia aliacha kupepeta. "Kuku?" alisema. "Ulitufungia mlango kwa sababu ya kuku? Wewe, yule kuku wangu nilimwomba mama mkwe! Mpaka leo ananisema!"

Maurine alikuwa bado anaangalia pembeni. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Na mimi," alisema, "ule unga wa chapati ulikuwa wa sikukuu. Mzee wangu bado anautafuta."

Basi walicheka, wakashikana, wakacheka tena. Pale pale juu ya maharagwe wakaweka sheria za chama. Mwenye nyumba anatoa chai, na kama hakuna majani, maji. Viazi vitamu vikiwa shambani, vizuri; visipokuwapo, hakuna anayeuliza. Watoto wanakuja. Anayesoma pole pole haharakishwi.

"Na tuongeze moja," Navalayo alisema. "Mtu asipokuja, tusimnunie. Kitabu kimfuate kwake."

Chama kikashika moto. Walimaliza kitabu cha kwanza, na Tabitha na dada yake wakapatana, na Pascalia akafuta machozi kwa kanga. Mwalimu Jescah akawapa kingine. Kuku wa Navalayo aliangua, vifaranga wakajaa uwanjani. Kati ya kurasa akina mama waliulizana mambo yao: mtoto anayekataa uji, bwana mkali, maziwa yanayouma. Pascalia sasa alisoma bila kidole.

Msimu wa mvua ndefu Maurine akajifungua mtoto wa tatu. Wenzake walimletea uji na kuni. Lakini baada ya wiki chache hakuja kwenye chama. Jumamosi iliyofuata hakuja tena. Watu walisema amekuwa na maringo, hafungui mlango.

"Si maringo," Mwalimu Jescah aliwaambia. "Mama akizaa, mwili unachoka, na wakati mwingine moyo pia. Analia bila kujua sababu. Hataki kula, hataki kuona mtu. Si uvivu na si uchawi. Msimwache peke yake. Na asipopata nafuu upesi, mpelekeni kliniki, amweleze muuguzi."

Navalayo na Pascalia walikwenda. Mlango wa Maurine ulikuwa umefungwa.

"Hodi, Maurine!"

Kimya. Ndani, mtoto akalia.

Pascalia alimtazama Navalayo. Navalayo aliujua ukimya huo. Aliujua kutoka upande wa ndani. Hakuondoka. Alitandika leso barazani, akakaa na mgongo kwenye mlango, akafungua kitabu, akaanza kusoma kwa sauti. Alisoma ukurasa wa kwanza. Aya ya kwanza tu haijaisha, mvua ikaanza kunyesha, akapaza sauti. Pascalia akasoma wa pili. Walipofika mahali pa kuchekesha walicheka.

Katikati ya ukurasa wa tatu, kitasa kilisogea.

Maurine alisimama mlangoni, nywele hazijachanwa, mtoto mkononi, macho mekundu.

"Sina hata majani ya chai," alisema.

"Tuko na sheria," Navalayo alisema. "Maji yanatosha."

Jumatatu walimsindikiza kliniki, wakamngoja mpaka akatoka kwa muuguzi. Lakini siku ile, Maurine alikaa chini katikati yao, akampa Pascalia mtoto, akafuta uso.

"Rudia hapo mwanzo," alisema. "Mvua ilikuwa inapiga mabati, sikusikia vizuri."

Navalayo akarudi ukurasa wa kwanza.