Sauti Ndani ya Kamyoneti ya Papa Théophile

Godelieve alipotoka shuleni saa sita, hakukimbia kama wenzake. Hapakuwa na mtu wa kumkimbilia. Alipita nyuma ya soko la Sake, kwenye njia ya mawe meusi, akachukua ufunguo chini ya chungu kilichopasuka, akafungua mlango na kuisalimia nyumba tupu. Kisha akawasha moto, akapika maharagwe, akala, akaosha sahani moja na kijiko kimoja.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mama yake alifariki kwa homa mwaka 1954, na hakuwa na kaka wala dada. Baba yake, Papa Théophile, alikuwa mchuuzi wa maharagwe na kabichi. Zamani alifanya biashara yake papo hapo Sake, akirudi nyumbani kila jioni. Lakini mwaka uliofuata alinunua kamyoneti, gari dogo la mizigo, iliyokwisha kutumika, ya rangi ya majani makavu, kutoka kwa Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Tangu hapo Papa Théophile aliondoka kila Jumatatu alfajiri, akapita Mushaki, akapanda mpaka Masisi kununua mazao, akarudi Ijumaa.

Siku hizo Godelieve alilala kwa jirani, Mama Emérita. Mama Emérita alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na watoto saba, na wa mwisho alikuwa bado mgongoni. Alimpa Godelieve chakula na nafasi kwenye mkeka. Lakini katika nyumba ile yenye kelele, hakuna aliyepata wakati wa kumwuliza siku yake ilikuwaje.

Jumamosi moja Papa Théophile alikuwa amelala, amechoka kwa safari. Godelieve aliingia ndani ya kamyoneti, akakaa upande wa kulia, akacheza peke yake. Alikuwa na gololi mbili za chuma, kubwa kiasi, zilizotoka katika gurudumu bovu. Alipewa na Papa Gustave, fundi wa magari pale Sake. Alishusha kioo cha mlango, akaanza kuviringisha gololi moja juu ya ukingo wa dirisha. Gololi ikamponyoka, ikatumbukia katika ule mwanya ambao kioo huingilia. Ndani ya mlango kukasikika "ti!" na basi.

Godelieve alijaribu kuufungua mlango ule, lakini ulikuwa umekwama tangu gari liliponunuliwa. Watu wote waliingilia upande wa kushoto. Akaona aibu kumwamsha baba yake kwa ajili ya kitu cha kuchezea. Akaenda kuteka maji.

Jumatatu Papa Théophile aliondoka kama kawaida. Jumanne mchana, Godelieve aliporudi kutoka shuleni, aliikuta kamyoneti mbele ya nyumba.

"Papa! Umerudi?"

"Gari iko na ugonjwa," baba yake alijibu, amekunja uso. "Tukipanda mulima, inanyamaza. Tukishuka, inapiga ko-ko-ko kama muntu anagonga mulango. Breki ikikatika mu ile materemko ya Mushaki, tutakufa. Siendi tena mbele ya kujua ni nini."

Siku ya pili alimpelekea Papa Gustave kamyoneti. Fundi huyo alikuwa mtu mzima wa kutoka Mpofi, kule Walikale, na aliishi peke yake nyuma ya karakana yake ya mabati. Sikio lake la kulia lilikuwa halisikii tangu gurudumu la lori lilipopasuka karibu naye miaka mingi iliyopita. Hata hivyo, watu walileta magari kwake kutoka mbali. Alikuwa akiweka ncha ya fimbo juu ya mashine inayonguruma, na ncha nyingine kwenye sikio lake la kushoto, akafumba macho. Kisha husema, "Njo hapa," yaani ndipo ugonjwa ulipo, na mara nyingi huwa ndipo.

Papa Gustave aliinua kamyoneti juu ya magogo. Alifungua magurudumu, akatazama breki, akakaza kila kilicholegea. Jumamosi walikwenda kuijaribu. Papa Théophile alishika usukani, Papa Gustave akakaa kulia, na Godelieve akabanwa katikati. Walipanda mpaka Mushaki penye ubaridi na ng'ombe, na gari halikulia hata kidogo.

"Imepona," Papa Théophile alisema.

Wakageuza. Kona ya kwanza ya kushuka, Papa Théophile alipokanyaga breki, ikaanza: ko-ko-ko!

Papa Gustave aliinama, akaweka sikio la kushoto karibu na miguu yake. "Inatoka chini," alisema. "Ao labda nyuma. Sauti inatembea mu chuma yote, inanidanganya."

Lakini Godelieve alikuwa amesikia vizuri. Sauti haikutoka chini. Ilitoka katika mlango wa kulia, upande uleule wa sikio la Papa Gustave lisilosikia. Gari likishuka, kitu kilibingirika kwenda mbele. Breki ikikanyagwa, kiligonga. Likipanda, kilitulia katika kona ya nyuma. Ilikuwa gololi yake!

Alifungua mdomo kusema. Wakati huohuo baba yake alishusha pumzi, akasema, "Basi hata wiki ijayo siendi Masisi. Nitabaki nyumbani."

Godelieve akafunga mdomo.

Wiki ile ilikuwa tamu, na ilikuwa chungu. Kila jioni Papa Théophile alikaa jikoni karibu na moto. Alimfundisha binti yake kupika sombe, mboga ya majani ya muhogo, kama alivyopika mama yake, akazidisha chumvi, wote wawili wakacheka. Siku moja alimsimulia jinsi alivyokutana na mama yake, siku ya soko, kwenye mvua kubwa, chini ya mwamvuli mmoja wa majani ya migomba. Godelieve hakuwahi kuisikia habari hiyo. Lakini kila baba yake alipocheka, Godelieve aliikumbuka gololi. Alikuwa anajua, na alikuwa ananyamaza.

Kule karakanani mambo yalizidi kuharibika. Papa Gustave alifungua springi, akazisafisha na kuzirudisha. Alifungua kisanduku cha gia. Kila alasiri waliijaribu kamyoneti, na kila alasiri, kwenye mteremko, ko-ko-ko. Mtu mmoja mwenye lori alifika kutengenezewa mashine, akaona kamyoneti ileile imewekwa juu ya magogo siku ya tano. Akatikisa kichwa na kupeleka lori lake Goma.

Ijumaa habari ilifika kwamba kabichi za wakulima wa Mushaki zimeoza zikimngoja Papa Théophile. Alikwenda karakanani kwa hasira. Godelieve alimfuata nyuma. Watu wa soko walikuwa wamesimama pale.

"Papa Gustave!" baba yake alipaza sauti. "Zamani ulikuwa fundi. Sasa masikio yako yamekufa yote mbili. Uko unafungua gari yangu na kuifunga kama mutoto anacheza!"

Wengine walicheka. Papa Gustave alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kisha akaingia ndani.

Jumamosi asubuhi Godelieve alipita karakanani akienda kuteka maji. Alimkuta Papa Gustave amekaa sakafuni akifunga vyombo vyake ndani ya gunia: nyundo, spana, hata ile fimbo ya kusikilizia.

"Papa Gustave, unaenda wapi?"

"Kwetu, Mpofi. Ndugu yangu iko na shamba ya muhogo kule. Jembe haihitaji masikio."

"Utarudi lini?"

Mzee alifunga mdomo wa gunia kwa kamba. "Ile gari imenionyesha, mutoto wangu. Nasikia sauti, lakini sijui tena inatoka wapi. Nikiachilia muntu na gari mubaya, akianguka mulimani, Mungu ataniuliza. Heri niache mbele ya kuua muntu."

Godelieve alishika ndoo yake, akaondoka. Alifika njia panda, mahali barabara ya Goma, ya Masisi na ya Minova zinapokutana. Pale akasimama. Akisema, Jumatatu baba yake ataondoka, naye atarudi kwenye sahani moja na kijiko kimoja. Asiposema, Papa Gustave atatembea siku nyingi kwenda Walikale, akiamini kwamba si fundi tena. Na hakuna atakayejua kamwe, isipokuwa yeye.

Alirudi mbio, ndoo ikimgonga mguuni.

"Papa Gustave, ngoja! Masikio yako haiko mubaya. Sauti iko mu mulango. Mulango ya kuume. Ni gololi yangu. Niliiangusha mimi."

Mzee akafungua gunia, akatoa bisibisi. Alifungua skrubu za ubao wa ndani ya mlango, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Alipoutoa, gololi ilikuwa katikati ya kiganja chake, imeshika kutu kidogo.

Aliketi juu ya gurudumu.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya Mushaki."

"Siku saba," Papa Gustave alisema polepole. "Siku saba nalala nikijiuliza kama ningali muntu wa kazi." Hakukasirika, na hilo lilimwumiza Godelieve kuliko fimbo. "Enda, umuite Papa yako. Utamwambia hapa, mbele yangu."

Papa Théophile alikuja, na Godelieve akaeleza yote kwa sauti iliyokuwa ikikatika. Baba yake alitazama gololi, akatazama mlango uliofunguliwa. Mishipa ya shingo ilimsimama.

"Kabichi za bantu zimeoza! Nimemutukana muzee mbele ya soko! Juu ya nini haukusema, Godelieve?"

"Gari ikipona, utaondoka."

Papa Théophile akasema kwa sauti ya chini, "Lakini kila Jumatatu ninakuuliza uko namna gani. Unajibu uko muzuri."

"Unauliza mguu mumoja ukiwa mu gari," Godelieve alisema, na machozi yakamtoka.

Baba yake alivua kofia yake, akamgeukia fundi. "Papa Gustave, nimekukosea. Nisamehe." Kisha akatoka mpaka sokoni, akawasimamisha watu walewale waliocheka jana, akawaambia kwamba gari halikuwa na ugonjwa wowote, kwamba kosa lilitoka nyumbani kwake, na kwamba masikio ya Papa Gustave ni mazima. Godelieve alisimama kando yake, akayarudia maneno yale kwa mdomo wake mwenyewe, uso ukimwaka kwa aibu.

Waliporudi, Papa Gustave alikuwa ameanza kutundika vyombo vyake ukutani. Alimwita Godelieve akae karibu, upande wake wa kushoto.

"Sikia, mutoto wangu. Kubaki peke yako si kosa. Hata mimi ninaijua ile. Nimeishi hapa miaka mingi na kwetu iko mbali. Lakini uliificha huzuni yako, na ukaficha na ukweli pamoja nayo. Haukusema neno moja ya uongo, lakini kunyamaza kwako kulisema uongo kila siku, na muzigo wake ukaniangukia mimi. Ukiwa na maumivu, sema. Ukiwa umekosa, sema mbio, kosa ingali ndogo. Leo umesema ukijua utapoteza kitu. Ile njo ukweli. Sasa, wiki muzima ukitoka shuleni utakuja kunipangia skrubu zangu zote. Umenivurugia kazi, utanisaidia kuirudisha."

"Ndiyo, Papa Gustave."

Papa Théophile naye alifikiri siku nzima ya Jumapili. Hakuweza kuacha safari, kwa maana ndizo zilizowalisha. Lakini aliamua kuigawa safari ya wiki mara mbili: Jumatatu angekwenda Mushaki na kurudi Jumanne, na Alhamisi angepanda Masisi na kurudi Ijumaa. Jumatano angekuwa nyumbani. Alikwenda pia kwa Mama Emérita, wakazungumza. Mama Emérita alishika kichwa. "Maskini, mimi nilimuona ananyamaza, nikazani ni tabia yake tu," alisema.

Jumatatu alfajiri kulikuwa na ukungu juu ya ziwa lililo karibu na Sake. Papa Théophile alipasha moto mashine. Kisha akazima, akashuka, akaja mpaka mlangoni, akasimama mbele ya binti yake kwa miguu yote miwili.

"Godelieve, uko namna gani?"

Msichana alitaka kusema lile neno jepesi la kila Jumatatu. Akalimeza.

"Niko na huzuni, Papa."

Baba yake aliweka mkono juu ya kichwa chake. "Asante kuniambia," alisema. "Mimi vilevile."

Wakakaa kizingitini pamoja kwa muda, bila haraka, mpaka ukungu ulipoanza kupanda. Kisha kamyoneti ikashika barabara ya Mushaki, na Godelieve akaingia ndani kuchukua daftari lake la shule.