Cheti Kilichoisha Msibani

Kijiji kizima cha Nyakahura kinamjua Mama Jovina, muuza maziwa. Alfajiri yuko zizini. Jua likipanda yuko barabarani na ndoo yake. Jina lake ni Nyamizi, lakini jina hilo hulisikii sokoni. Wala hulisikii lile alilokuwa akiitwa kabla hajahamia huku kutoka Shinyanga. Kule aliitwa Mama Shibuda.

Shibuda ni mwanawe wa kwanza. Alikwenda kusini kuchunga ng'ombe wa mjomba wake, ndevu zikiwa ndiyo kwanza zinaota. Huku nyuma ukame ukaihamisha familia. Mjomba akafariki, simu zikapotea, mama na mwana wakapotezana. Siku ya kuondoka Shibuda alimwachia mama yake ng'ombe mtamba mmoja mwenye doa jeupe usoni. Mtamba huyo sasa ni bibi kizee. Wanunuzi wamemtaka mara nyingi, na jibu la Nyamizi ni moja tu: "Huyu ana mwenyewe." Akimpa majani humsemesha kama mtu. Humuuliza mwenyewe yuko wapi, kala nini, kalala wapi.

Binti yake, Jovina, hakukaa bure. Yeye na wenzake wa kikundi walianzisha tovuti ya watu waliopotezana na ndugu zao. Mtu anaweka picha yake, kijiji alichotoka na jina la anayemtafuta. Mwenye habari anaandika ujumbe na namba yake ya simu. Jina la tovuti walilichora kwa rangi ukutani pale mnadani, kila mfanyabiashara wa ng'ombe alione. Picha ya kwanza ni ya Nyamizi, amesimama na ng'ombe yule wa doa.

Basi shangazi yake Jovina akafariki huko Nemba. Wakaenda wote. Msibani, kama ijulikanavyo, hakuna anayeshika jembe mpaka matanga yaishe.

Jovina alimnong'oneza mama yake, "Mama, cheti cha usalama cha tovuti kinaisha wiki hii. Naomba niende mjini kwenye kompyuta nikakihuishe. Narudi mara moja."

Nyamizi alimkata jicho. "Hapa jembe halishikwi, wewe unataka kushika kompyuta? Watu watatuonaje? Kitasubiri."

Jovina akarudi kukaa mkekani. Cheti hakikusubiri.

Waliporudi nyumbani, Juvenali alipita kunywa maziwa. Yeye hununua ng'ombe minada ya mbali na ni mtu wa maneno mengi. Siku hiyo maneno yake yalikuwa na uzito.

"Huko Katavi nimekutana na Msukuma mmoja," alisema, akifuta mdomo. "Anamtafuta mama yake. Anasema mama huyo anaitwa Nyamizi. Nikamwambia sisi tuna tovuti ya mambo hayo."

Ndoo ilimtoka Nyamizi mkononi. Maziwa yakanywewa na vumbi.

"Nyamizi ni mimi," alisema kwa sauti ndogo.

"Wewe? Si Mama Jovina wewe?"

"Ni mimi, baba. Alikuwaje? Alikonda? Alifungua hiyo tovuti?"

Juvenali aliinamisha kichwa. "Alifungua mbele yangu. Simu ikamwonya, eti mahali hapo si salama, wezi wanaweza kuchukua habari zako. Akasema, 'Mimi nilishatapeliwa kwenye simu, sirudii tena.' Akafunga. Lori langu likawa linapiga honi, hata namba yake sikuchukua. Nisamehe, mama."

Nyamizi alikaa chini palepale. Mwanawe alikuwa amefika mlangoni, naye mama mtu ndiye aliyekataza mlango usiangaliwe. Hilo lilimuuma kuliko miaka yote ya kungoja.

Jioni walikwenda kwa jirani yao Leonsia, fundi wa kompyuta anayefanya kazi Biharamulo mjini. Aliporudi kazini aliwakuta wamekaa barazani kwake, macho mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nieleze hicho cheti. Nieleze mimi, siyo Jovina. Nataka kujua ni kitu gani kilichomfukuza mwanangu."

Leonsia alivuta kigoda. "Mama, ukipeleka ng'ombe mbali, kwenye kizuizi wanakuuliza nini?"

"Kibali."

"Kikiwa kimepita tarehe?"

"Wananizuia. Hata kama kijiji kizima kinajua ng'ombe ni wangu."

"Ndivyo hivyo. Cheti kinaiambia simu ya mgeni kwamba tovuti hii ni yenyewe kweli, siyo ya tapeli aliyeiga jina. Kinasaidia pia kufunga ujumbe kwa kufuli la siri, usisomwe wala kubadilishwa njiani. Watu wanaandika namba zao za simu mle. Cheti kikiisha, simu haina uhakika tena. Inamwonya mgeni."

"Basi tuandike pale ukutani kwamba wasiogope, wabonyeze kuendelea," alisema Jovina.

"Hapana!" Leonsia alikuja juu. "Ukiwazoesha watu kupuuza onyo, siku tapeli wa kweli akija watapita vilevile. Shibuda hakukosea. Alifanya sawasawa kabisa."

Nyamizi aliposikia hivyo alitabasamu kidogo, machozi yakiwa bado mashavuni. Mwanawe alikuwa na akili.

"Kwa nini wasitoe cheti cha maisha?" aliuliza.

"Mwizi akiiba ufunguo wa tovuti, ataweza kujifanya ni nyinyi kwa muda wote wa cheti. Cheti kikiwa cha muda mfupi, hatatamba sana. Vyenu ni vya miezi mitatu, tena ni vya bure. Kosa lenu ni kumtegemea Jovina peke yake akumbuke. Jovina anaugua, anasafiri, anafiwa. Kazi hii ifanywe na mashine."

Kesho yake, mjini, Leonsia aliweka programu ndogo kwenye seva, yaani ile kompyuta inayohifadhi tovuti. Nyamizi aliketi pembeni yake, akihesabu rozari.

"Kila siku programu itakagua tarehe," Leonsia alieleza. "Cheti kikikaribia kuisha, itaomba kipya yenyewe. Mtoa vyeti ataipa alama fulani iiweke ndani ya tovuti, halafu atachungulia. Akiikuta, anajua mwombaji ndiye mwenye tovuti. Anatoa cheti, programu inakiweka mahali pake."

Kwanza alifanya jaribio, cheti kipya kikapatikana. Kisha akapanga kwamba programu ikishindwa, yeye na Jovina wote wawili wapate taarifa mapema.

"Na msiba ukitokea?" aliuliza Nyamizi.

"Yenyewe haifiwi, mama."

Nyamizi aliitazama ile kompyuta kwa muda. Aliionea wivu kidogo.

Juvenali aliporudi Katavi hakumkuta Shibuda. Alimwachia mama ntilie wa mnadani maneno: mwambie afungue tena, aangalie picha ya kwanza. Mvua zikaja, maharage yakachanua, yakavunwa. Kila jioni Nyamizi aliuliza, "Kuna ujumbe?" Kila jioni Jovina alijibu, "Bado, mama." Swali lilibaki lilelile ila sauti ilizidi kupungua.

Halafu jirani akafiwa. Majembe yakawekwa chini tena, Jovina akazima simu bila kuambiwa. Cheti cha tovuti kilijihuisha katikati ya kilio, bila mtu kuinuka mkekani. Matanga yalipoisha, Jovina aliwasha simu yake, akapiga yowe.

Nyamizi aliinyakua. Alijifunza kusoma ukubwani, kwa hiyo alisoma polepole, neno moja moja, kwa sauti:

"Safari hii simu imekubali. Nimemwona mama. Nimemwona na ng'ombe wangu. Ni mimi Shibuda. Namba yangu ni hii."

Walimpigia asubuhi ileile. Upande wa pili ikaja sauti nzito ya mwanaume mtu mzima, isiyofanana kabisa na ile Nyamizi aliyoitunza moyoni.

"Mwangaluka, mayu."

Ndivyo Msukuma anavyomwamkia mama yake asubuhi. Nyamizi alilia mpaka Jovina akamshikia simu. Shibuda alisema atakuja akishauza mpunga wake.

Mchana Leonsia alipita njiani akielekea mjini.

"Shikamoo, Mama Jovina!"

Nyamizi alikuwa zizini, mkono wake juu ya shingo ya yule ng'ombe mzee.

"Marahaba, mwanangu," alijibu. "Lakini kuanzia leo, niite Mama Shibuda."