Nyasi Kwenye Tairi la Pélagie

"Anastase, kisima kiko wapi?"

Sauti ya Pélagie ilitoka kwenye simu iliyolala mezani, kati ya chupa ya kahawa na sahani ya maandazi. Shangazi yake, Mama Gaudiose, alikuwa ameiweka spika kwa makusudi. Ilikuwa Jumapili ya Agosti 2011, misa imekwisha, tuko kwenye ukumbi wa kanisa kule Jakobsberg, Uswidi. Warundi na Wakongo kama ishirini walinyamaza wasikie mkwe mtarajiwa, ndiyo mimi, anavyomwongoza mchumba wake kwenye njia za changarawe za Ufaransa.

"Kisima gani, mpenzi?"

"Mpenzi tuiweke pembeni kwanza. Kile chenye paa jekundu. Ulisema nikilipita kanisa nitakiona mkono wa kushoto. Hiki ni kijiji cha tatu. Makanisa ninayo. Kisima sina."

Niseme ukweli sasa, maana wakati wake niliuruka. Mimi Ufaransa sijawahi kuikanyaga. Mwaka mmoja nyuma, mtu aliniona nikipanda kilima cha Bredäng kwa baiskeli bila kuinuka kitini, akaniuliza nilijifunzia wapi. Pélagie alikuwa amesimama pale pale, muuguzi, mtoto wa Rohero, mtaa wa wenye magari kule Bujumbura. Nikajibu, "Ufaransa, vijijini." Uongo mdogo, wa kutia mfukoni. Kumbe naye anapenda baiskeli. Akauliza Ufaransa ya wapi, nikasema Morvan, jina nililolisoma kwenye gazeti kazini. Kufika Pasaka, nilikuwa nimeishi Morvan miaka miwili.

Alipopanga likizo ya kwenda huko na Annika, Mswidi anayefanya naye kazi, nilimwambia kazini wamenikatalia ruhusa. Ruhusa yenyewe sikuiomba. Nikakaa maktaba, nikamchorea njia kutoka kwenye ramani ya kompyuta. Njia ilikuwa ya kweli. Kisima nilikiongeza mwenyewe, inoge.

"Labda wamekivunja," nikasema.

"Nimemuuliza bibi mmoja. Ana miaka themanini na nne, amezaliwa hapa. Amenishika mkono akaniuliza kama nimefiwa. Sikiliza, simu ina asilimia tisa. Tulipokikosa, Annika akaenda kulia, mimi kushoto, tukitafute. Pampu anayo yeye, tyubu ya akiba anayo yeye, na simu yake haishiki mtandao. Tairi langu la mbele limekatwa na jiwe. Tyubu imechanika shavu zima. Na mvua naiona inakuja."

"Uko karibu na nyumba?"

"Niko karibu na ng'ombe. Wananitazama."

Jean-Bosco, mzee niliyemchagua awe msemaji wangu siku ya kuposa, wiki tatu baadaye, akaninong'oneza, "Mwambie apige polisi."

"Polisi wa nini," Mama Gaudiose akadakia, "na mwenyeji wa Morvan tunaye hapa?"

Nilijua la kufanya tangu aliposikika akisema ng'ombe. Nilijua pia kwamba nikilisema, posa yangu imekwisha mbele ya kahawa.

"Pélagie, palipo na ng'ombe pana nyasi kavu. Zipo?"

"Zipo, marobota. Za nini?"

"Toa tairi upande mmoja, tyubu itupe. Chukua nyasi, zisokote ngumu, kama unasokota ngata ya kubebea mtungi. Zijaze ndani ya tairi, mzunguko mzima. Ukibonyeza kwa kidole gumba na kidole kikazama, ongeza."

"Unanitania?"

"Leo hapana. Ukimaliza rudisha tairi, anzia mbali na tundu la pampu. Kalia kiti kwa nyuma, nenda polepole, usikate kona kwa ghafla. Utafika mjini."

Tukasikia nyasi zikichakaruka, na Pélagie akihema. Halafu akauliza taratibu:

"Umefanya hivi mara ngapi?"

"Sikumbuki. Nyingi."

"Ufaransa?"

Mama Gaudiose aliacha kukoroga kahawa.

"Hapana," nikasema. "Bugarama."

"Bugarama?" Jean-Bosco akageuka mzima mzima. "Si kule milimani wanakoshuka na baiskeli wale wa ndizi? Wale wanaoning'inia nyuma ya malori?"

"Malori wanashika wakipanda, mzee. Wakishuka wanamshika Mungu."

Ukumbi ukacheka. Simu haikucheka.

"Nilibeba ndizi miaka mitatu," nikasema, na nilikuwa naiambia sahani ya maandazi. "Mikungu sita nyuma, breki ni ndala mguuni. Sisi ndio mliokuwa mnatufungia vioo vya gari. Ufaransa sijafika hata uwanja wa ndege."

"Na kisima?"

"Nilikiongeza."

Mtu mmoja akakohoa. Simu ikakata, na sikujua kama ni chaji au ni yeye. Mama Gaudiose akaichukua, akaifuta kwa kitenge chake kana kwamba mimi ndiye niliyeichafua.

"Kwa hiyo hapa tumekuwa tukimpa kahawa nani?" akauliza.

Nilikunja viti vya ukumbi mzima peke yangu siku ile, na hakuna aliyenisaidia.

Jioni ujumbe ukaingia: "Nyasi zimefika. Kilomita kumi na moja. Annika yupo. Usinipigie."

Sikupiga. Alhamisi mchana nilikuwa Cityterminalen, mlango wa mabasi ya uwanja wa ndege. Pélagie alishuka anaburuta boksi la baiskeli, pua imebabuka kwa jua. Nilinyoosha mkono nimsaidie, akalivuta boksi upande wake.

"Unadhani nimekasirikia ndizi?"

"Ningekuwa wewe, ningekasirika."

"Ndiyo shida yako, unajibu kwa niaba yangu. Tangu mwaka jana hujaniuliza kitu, umenijibia tu. Uliamua mimi ni mtu wa kufunga kioo."

"Hukuwahi kufunga?"

Akaliegemeza boksi kwenye nguzo.

"Nilifunga. Nilikuwa na miaka kumi. Ungeniuliza, ningekuomba radhi. Badala yake umenipeleka porini nitafute vitu vya kichwani mwako. Ningevunjika mguu kule, Anastase, ungewaelekeza waokoaji wapite wapi?"

Nilitamani basi lile linirudishe hata Bugarama.

"Naomba radhi," nikasema. "Nimekuja kukuambia, na kuivunja posa kabla hamjaivunja nyinyi. Nisiwape kazi."

"Unaona? Umenijibia tena." Akalisukuma boksi kuelekea lifti. "Njoo siku ile ile. Ila Jean-Bosco asifungue mdomo. Utasema mwenyewe. Baada ya hapo mimi ndiye nitakayejibu."

Kwetu bwana harusi hasemi. Msemaji ndiye anayempamba, anamfanya mtoto wa wafugaji wakubwa, na yeye anakaa ameinamisha kichwa kama mgeni wa heshima. Siku ile, sebuleni kwa Mama Gaudiose, watu thelathini wamevua viatu mlangoni, Jean-Bosco alinyanyuka kwa mazoea, akakumbuka, akakaa. Nikasimama mimi.

Nilisema yote. Ndizi, ndala, vumbi, na mwaka mzima wa Ufaransa ya maktaba. Kuna aliyenong'ona, "Aibu hii," na alikuwa na haki. Nilipomaliza nilibaki wima, maana hakuna aliyeniambia nikae.

Mama Gaudiose akawanyamazisha watoto chumbani.

"Haya," akasema. "Binti aitwe."

Pélagie akatoka jikoni na wenzake wawili, amevaa nguo ya sherehe, macho chini kama desturi inavyotaka. Shangazi akamuuliza swali ambalo mabinti wote huulizwa, na ambalo wote hujibu kwa neno moja.

"Mwanangu, kijana huyu amekuja kukuomba. Unamjua?"

Pélagie akainua macho.

"Nimeanza kumjua wiki tatu zilizopita, shangazi. Naomba niendelee."

Vigelegele vikaanzia jikoni, vikajaa sebule. Mimi nilikuwa bado natazama soksi zangu, mpaka Jean-Bosco akanivuta shati kwa nyuma.

"Kaa chini, mtu wa ndizi. Umekubaliwa."