Nimekupata, Houston

Ijumaa za Kwaresima mkahawa wa Mama Tee pale Kemah, nje kidogo ya Houston, hujaa mpaka watu wanakula wamesimama. Ijumaa ile Wendell Pettiford, kijana wa Omaha aliyekuwa na majuma machache tu Houston, aliambulia kiti cha mwisho, mbele ya mwanamke aliyekaa peke yake na sinia zima la kamba wa matopeni, wekundu, wanafuka mvuke wa pilipili. Mwanamke alivaa gauni la njano lisilo na mikono, na kifuani alijichomekea gazeti ili mchuzi usimharibie. Vidole vyake vilikuwa vikifanya kazi bila yeye kuviangalia.

Wendell akachukua kamba wake wa kwanza maishani, akamgeuza huku na huku, kisha akamng'ata pamoja na gamba.

"Mungu wangu," mwanamke akasema. "Huyo kakukosea nini?"

"Nani?"

"Huyo kamba. Unamtafuna na koti lake!"

"Kwetu Nebraska hatuli wadudu wa mtaroni, dada."

"Ndiyo maana mkaitwa Nebraska. Hebu lete mkono. Kichwa shika hapa, mkia hapa. Zungusha. Vuta. Umeona? Sasa fyonza kichwa."

"Kichwa sifyonzi."

"Basi hujala. Umepita tu kusalimia."

Wendell akafyonza. Machozi yakamtoka, mwanamke akacheka mpaka gazeti likadondoka. Na kwa kuwa mwanamume akichekwa na mrembo hukimbilia kujisifu, Wendell akajifuta mdomo na kuanza.

"Unajua mimi nafanya kazi gani? Nazungumza na watu walioko angani."

"Usiniambie!"

"Ukumbi mzima umejaa mainjinia, lakini ni mtu mmoja tu anayeruhusiwa kusikika kule juu. Ndiye mimi. Yaani, nitakuwa mimi, nikimaliza mafunzo."

"Na wao wanakujibuje?"

"Wananiita Houston, kwa jina la mji, na wana majibu mawili. Wakisema 'nimekupata', maana yake wamesikia, basi. Wakisema 'nitatekeleza', wamesikia na watafanya. Ukiyachanganya hayo mawili, watu wanakufa."

"Makubwa!"

"Usiogope. Siyo kazi ya kila mtu."

Mwanamke akajifuta vidole kimoja kimoja, akasimama. "Nimekupata," akamwambia, akaondoka na lile gauni lake la njano, na nusu ya mkahawa ikamsindikiza kwa macho.

Jumatatu wanaanga waliletwa ukumbini kwa mazoezi. Wa tatu kuingia alivaa ovaroli la buluu, jina limetariziwa kifuani: Fontenot. Sisi wengine tuliofanya kazi ukumbini tulimjua. Odessa Fontenot, binti wa fundi cherehani wa Opelousas, Louisiana, mwanamke wa kwanza katika kundi lake kupewa kiti cha kurusha chombo. Mwenyewe rubani, tena rubani hasa. Alipofika kwenye meza ya Wendell akainama.

"Habari za wadudu wa mtaroni?"

Tulimcheka Wendell mpaka Pasaka. Lakini yeye hakukasirika, na hapo ndipo alipompata. Odessa alishachoka na wanaume wa aina mbili, wanaomwogopa na wanaotaka kumfundisha. Huyu alijifundisha kujicheka.

Wakapendana, na hawakujua kuficha. Jumamosi ungewaona barabarani Galveston na gari bovu la Wendell, vioo vimeshushwa, Odessa amefunga kitambaa chekundu kichwani na kuweka miguu dirishani. Jioni simu. Mchana, wakiwa jengo moja, simu.

"Dess, nakupenda."

"Nimekupata, Houston."

"Umenipata tu?"

"We endelea kutuma ujumbe, bwana. Hali ya hewa ikiruhusu utajibiwa."

"Basi niletee aiskrimu ya karanga."

"Nitatekeleza!"

Hivyo ndivyo walivyokuwa. Kwa aiskrimu, kwa shati la kupigwa pasi, kwa kumpigia simu mama yake Opelousas, Odessa alisema nitatekeleza mara moja. Kwa mambo ya moyo alisema nimekupata, akacheka, akambusu shingoni. Wendell alizoea. Au alijidai amezoea.

Mama huyo alikuwa na swali moja tu kila binti yake alipopiga, kuhusu gumbo, mchuzi mzito wa bamia wa kwao. "Huyo kijana anakula gumbo?"

"Anakula, Mama."

"Na bamia zake?"

"Anaziweka pembeni."

"Mm," mama akasema, na mm ya Mama Fontenot ilikuwa na maneno mengi.

Ikafika safari ya kwanza ya Odessa. Juma moja kabla ya safari, wanaanga hufungiwa karantini Florida wasije wakaambukizwa mafua wakaenda kupiga chafya juu. Wendell alibaki Houston, maana mafunzo alishamaliza na kiti chake kilikuwa huku. Alasiri moja akapiga simu.

"Dess, nina neno. Usinikatize."

"Tuma."

"Ukirudi, tuoane."

Upande wa pili Wendell alisikia feni, na mtu akiburuta kiti.

"Nimekupata," Odessa akasema polepole.

"Sitaki unipate. Nataka kujua kama utatekeleza."

"Wen, mpenzi, wananiita kupimwa damu. Nisikilize. Jibu langu utalisikia nikiwa juu. Neno moja tu, katikati ya kazi, dunia nzima itasikia na hakuna atakayeelewa ila wewe. Unaona? Hakuna mwanamke aliyewahi kukubali posa kwa staili hiyo."

"Na kama halitakuja?"

"Tega masikio. Si umesema ndiyo kazi yako?"

Chombo kikaruka kwa usalama. Wendell akakaa kwenye kiti chake, tai imenyooka, hedifoni masikioni, akilisubiri lile neno. Tuliokuwa ukumbini tuliona jambo la ajabu. Akimwambia Odessa afungue vali, anajibu nimekupata. Akimwambia azime pampu, nimekupata. Vali zinafunguka, pampu zinazimika, lakini lile neno la pili, ambalo rubani yeyote angelitumia, halitoki mdomoni mwake. Mkuu wa zamu akanung'unika kwamba mama huyu kasahau lugha. Wendell peke yake alijua kwamba analitunza, na kila nimekupata ilimchoma na kumtuliza kwa pamoja.

Ikaja siku ya waandishi wa habari. Utaratibu ulikuwa kwamba wao wanaandika maswali, na mwenye kuzungumza na chombo anayasoma. Wendell akasoma la kwanza kuhusu chakula, la pili kuhusu usingizi. La tatu akalitazama, akamgeukia mkuu wa zamu. Mkuu akamwashiria asome, asome haraka, muda unakwisha.

"Mwandishi anauliza," Wendell akasema. "Bibi Fontenot, wasomaji wetu wanataka kujua, una mchumba? Ukirudi duniani utaolewa na kutulia?"

Hebu jiweke mahali pa Odessa. Miaka yote ya kusomea injini, ya kurusha ndege zilizowatapisha wanaume, na leo anazunguka dunia nzima, swali ni hilo. Tena kwa sauti ile ile iliyomposa. Kwa nukta moja akadhani Wendell ameshindwa kusubiri, akamweka kizimbani mbele ya ulimwengu. Damu ya Opelousas ikachemka.

"Mwambie muulizaji jibu ni hapana," akasema. "Sikuja huku kutafuta mume. Ukiwa na swali la kazi, nipo."

Ukumbi ukapiga makofi. Wanawake wa kule nyuma, wapiga mahesabu, walisimama kabisa. Wendell hakusikia makofi wala yale maneno ya 'mwambie muulizaji', alisikia hapana tu.

Ilibaki dakika ya mwisho kabla chombo hakijapita nyuma ya dunia na mawasiliano kukatika. Wendell akasoma agizo la mwisho, la kuzima feni ya chumba cha mizigo. Na hapa akafanya kosa ambalo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza halifanyi. Kanuni ya ukumbi ule ni kwamba huvui hedifoni mpaka chombo kipotee kabisa. Yeye akavua. Akaitupa mezani mbele ya Roy Zapalac, mwenzake aliyekuwa anakuja kupokea zamu, akatoka akitembea kama mtu anayetafuta choo.

Kule juu, hasira ya Odessa ilikuwa imeshapoa. Alishaelewa kwamba swali si la Wendell, kwamba maskini kaamriwa tu alisome. Akamwonea huruma, akajiona mjinga, akacheka peke yake, akabonyeza kitufe.

"Nitatekeleza," akasema. "Nitatekeleza, Houston. Nitatekeleza."

Mikwaruzo, kisha kimya. Dunia ilikuwa imeziba katikati. Odessa akaamini ameposwa na amekubali, akalala usingizi mtamu akiwa amefungwa ukutani kwa mkanda.

Zamu zilizobaki alisikia sauti ya Roy tu. Wendell aliomba udhuru wa homa. Chombo kilipotua jangwani California, Odessa hakumwona kati ya waliompokea. Akapiga simu kabla hata ya kuoga.

"Wen! Mbona hukuja?"

"Hongera. Safari imekwenda vizuri."

"Hongera? Unazungumza kama mkuu wa posta. Hukunisikia kule juu?"

"Nilikusikia, Odessa. Dunia nzima ilikusikia."

"Basi? Huna la kusema?"

"Niseme nini? Nimekuuliza, umejibu. Mwenye swali ameridhika."

"Ndiyo kuridhika huku?"

"Ulitaka nipige magoti tena?"

Odessa akabana simu mpaka vidole vikauma. Aliyoyaelewa ni kwamba mwanamume huyu amesikia ndiyo yake mara tatu, na ameona haimtoshi. Labda ile hapana ya mbele ya watu ilimtia aibu. Labda alitaka mke ambaye magazeti hayamjui.

"Sawa," akasema. "Nimekuelewa."

"Na mimi pia."

Wakaweka simu chini, kila mmoja amejeruhiwa na kitu ambacho mwenzake hakusema. Mwezi huo huo Wendell akaomba uhamisho kwenda kituo cha jangwani kule California. Sisi marafiki hatukuwauliza kilichowatenga. Tulidhani tunawastahi.

Odessa akaruka tena, na tena. Ya tatu aliongoza yeye mwenyewe. Opelousas wakabatiza barabara kwa jina lake, ile inayopita mbele ya duka la ushonaji la baba yake. Wasichana wakamwandikia barua kwa magunia. Mama akafa bila kuona mkwe, akiuliza mpaka mwisho kuhusu yule kijana wa bamia. Odessa hakuolewa. Si kwamba hakuna waliomtaka. Wendell alioa mwalimu wa piano, mwanamke mwema, wakaachana bila kelele kwa sababu mwili wa Wendell ulikuwa nyumbani na mwenyewe hayupo.

Miaka ikaenda hivyo mpaka Roy Zapalac alipostaafu. Sherehe ikafanyika mchana wa Jumapili, kwa Mama Tee, na wote wawili wakaalikwa. Odessa alikuja na suti nyeupe na nywele fupi zenye mvi. Wendell na tai ile ile ya zamani, nadhani makusudi. Wakasalimiana kwa mikono, wakakaa meza mbalimbali. Wendell alikuwa akifyonza vichwa vya kamba bila kutoa chozi.

Roy akapewa nafasi ya kusema. Bia zilishamkolea.

"Jamani, huyu Fontenot mnayemheshimu, mimi aliwahi kunichosha! Safari yake ya kwanza, nimeivaa hedifoni tu, hata sijakaa, alikuwa ameshaambiwa azime feni. Feni! Akajibu nitatekeleza, nitatekeleza, nitatekeleza. Mara tatu! Na siku zote neno hilo alikuwa hataki kulitaja. Nikadhani redio imekwama!"

Watu wakacheka, meza zikapigwa. Wendell akaweka kamba chini. Odessa alikuwa ameshageuka anamtazama.

Odessa akainuka, Wendell akamfuata nje, kwenye maegesho ya magari. Jua la Texas lilikuwa limesimama juu ya vichwa vyao.

"Mara tatu," Wendell akasema.

"Nilitaka usikie vizuri."

"Sikusikia hata moja, Dess. Nilikuwa nimevua."

"Kabla chombo hakijapotea?"

"Kabla."

Odessa alikuwa amemchukia mtu huyu miaka yote kwa kosa ambalo hakulifanya, na sasa amepewa kosa jingine, la kweli, na la kweli lilikuwa dogo mno kiasi kwamba alitamani abaki na lile la zamani.

"Wendell. Uliacha masikio mezani nami niko juu."

"Ulisema hapana."

"Nilimwambia yule wa gazeti! Ningesema ndiyo, kesho yake wangeandika bibi harusi wa angani, wasingeandika nilirusha nini. Wewe nilikuahidi neno lako. Nilikwambia utege masikio."

"Kwenye simu ungenitajia neno lenyewe."

"Niliuliza kama umenisikia. Ukasema dunia nzima ilisikia."

Machozi yalimtoka Wendell bila aibu, mzee mzima, karibu na mapipa ya maganda ya kamba.

"Nisamehe," akasema. "Bado tupo hai, Dess. Niruhusu nije kwako Jumapili ijayo. Nitapika gumbo. Bamia nitakula zote. Tuanze pale tulipoachia. Tafadhali."

Odessa akafungua mlango wa gari lake. Akasimama, akamnyooshea tai kwa vidole viwili, kama zamani.

"Nimekupata," akasema.

Akaingia, akawasha injini. Wendell akabaki palepale akingoja neno la pili, na safari hii hakutikisika mpaka gari lilipovuka daraja la Kemah na kupotea kabisa upande wa pili.