Mashine Ilisema Subiri

Saa sita mchana.

Chumba cha nyuma cha duka la matairi. Watu watatu, meza moja, harufu ya mpira. Shemeji ndiye aliyeongoza genge. Alikuwa pia mume wa dada yake Fundi, na hapo ndipo Fundi aliponasa. Jambazi wa kawaida unamkatalia. Shemeji je?

"Haya, bwana mitambo. Tueleze kama watoto," Shemeji alisema.

"Dereva si mtoto," Fundi alijibu. " Mtoto huelewa."

Dereva, mtu wa tatu, alimtukana. Fundi akachora mezani kwa chaki.

"Kila mtaa una swichi. Swichi haina akili, kazi yake kuunganisha tu. Mtu akipiga namba ya dharura, haijui impeleke wapi. Inauliza ubongo. Ubongo uko kazini kwangu, kampuni ya simu. Unatazama kumbukumbu zake, unajibu: mpeleke kituo fulani."

"Na ukijibu vingine?"

"Swichi inatii. Nikizielekeza simu kwenye mashine ya sauti, king'ora cha lile duka la sonara mtakalovunja kitawapigia polisi, kitaambiwa kisubiri."

"Na atakayekiambia ni mke wangu!" Shemeji alijipiga kifua. Kweli, sauti ya mashine ile ni ya dada yake Fundi; kampuni ilimrekodi, kwa sababu hata akigomba anasikika kama anabembeleza.

"Nitazuia laini za sonara peke yake," Fundi alisema.

"Na muuza viatu wa jirani akipiga? Zuia mtaa mzima. Muda mfupi tu, shem."

Mtaa mzima. Fundi alifuta chaki kwa kiganja.

Saa nane kamili.

Chumba cha mitambo, baridi ya kugonganisha meno. Fundi alibadilisha kanuni moja ya ubongo. Mstari mmoja tu, wala jasho halikumtoka.

Saa nane na dakika nne.

King'ora cha sonara kilipiga. Swichi ikauliza, ubongo ukajibu uongo, swichi ikaamini. Safi. Fundi karibu acheke.

Kisha ikatokea namba nyingine kwenye skrini. Ikakata. Ikarudi. Ikakata. Ikarudi.

Alivaa visikizio masikioni, asikilize laini ile.

"Tafadhali subiri. Utahudumiwa hivi punde," dada alisema.

"Dada, mke wangu hapumui vizuri," mwanamume alisema. "Nahitaji gari la wagonjwa."

"Tafadhali subiri. Utahudumiwa hivi punde."

"Dada yangu, nakuomba. Nakuomba sana."

Alikuwa akiibembeleza mashine. Mashine nayo ikambembeleza.

Simu ya Fundi ilitetemeka. Shemeji, anahema. "Sefu inalegea. Dakika tano."

"Shem, kuna mgonjwa kwenye laini. Nafungua."

"Ukifungua, unanifunga mimi. Utamwambia nini dada yako?"

Simu ikakatwa. Fundi alikaa na kidole juu ya kitufe. Alimfikiria dada jikoni, akiimba ovyo. Alimfikiria shemeji na pingu. Na muda wote huo masikioni mwake mwanamume yule alikuwa akiita, dada, dada, na Fundi akaendelea kufikiria.

Saa nane na dakika nane.

Akabonyeza.

Kanuni ya zamani ikarudi. King'ora kikapenya kwa polisi. Simu ya mwanamume ikapenya pia.

"Huduma ya dharura, nikusaidie nini?" Sauti ya mtu hai.



"Njooni," mwanamume alisema. "Ila hamna haja ya kukimbia tena."

Fundi alivua visikizio, akaviweka mezani taratibu kama vitu vya kuvunjika.

Saa tisa kasoro robo.

Shemeji na Dereva walikuwa wamekamatwa mlangoni pa sonara, mifuko mabegani. Dereva alikuwa wa kwanza kumtaja Fundi. Fundi alisikia viatu vizito vikipanda ngazi, naye hakuinuka. Simu yake ikaita.

"Mdogo wangu," dada alisema kwa sauti ileile, laini, yenye subira. "Shemeji yako hapokei simu. Yuko na wewe?"

Fundi aligeukia mlango.

"Subiri, dada," alisema. "Tafadhali subiri."