Skii za Mkunga wa Haukisalmi

Skii za Riikka Pöntinen, mbao zake mbili ndefu za kutelezea juu ya theluji, ziliibwa usiku wa kuamkia mkutano wa uchaguzi. Mwizi alimwachia fimbo zake za kujisukumia tu.

Inspekta Aatami Räsänen aliinama kibarazani, akalikagua eneo la tukio. Theluji ya alfajiri ilikuwa imefunika nyayo zote. Ukutani ilibaki misumari mitupu na harufu ya lami ya msonobari.

"Ulizipaka lami lini?"

"Jana jioni, afande. Hata hazijakauka."

"Nani alijua kwamba unasafiri?"

"Uliza nani hakujua! Haukisalmi nzima inajua kwamba leo mchana nahutubia shuleni, ng'ambo ya ziwa."

Riikka alicheka, lakini machozi yalimlengalenga machoni. Masikini, mama wa watu! Alikuwa mkunga pekee wa parokia ile, na mwaka huo wa 1907, wanawake wa Ufini walipofunguliwa mlango wa bunge, akasimama kugombea. Farasi wa majirani walikuwa porini wakivuta magogo, na skii zao pia zimekwenda huko. Kwa miguu, theluji ingemfika kiunoni. Bila skii hakuna hotuba, na bila hotuba nani angempigia kura mwanamke asiye na hata shamba?

Räsänen alimwonea uchungu. Mikono ile ndiyo iliyompokea binti yake wa pekee, aliyetanguliza miguu.

"Nitazipata," alisema.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa mgombea mwenzake Riikka, tajiri wa mashamba Kasimir Hallberg. Alimkuta mezani, mbele ya mkate mnene uliookwa na samaki ndani.

"Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Kitandani, na mke wangu. Mwulize, atakwambia nilivyokoroma."

"Nani anafaidika mkunga asipofika?"

"Mimi." Hallberg aliweka kisu chini. "Lakini nisikilize, Räsänen. Wanangu wote wamepita mikononi mwa yule mama. Nitamshinda kwa maneno, si kwa wizi. Mimi nina haya usoni."

"Basi mwazime farasi."

"Hapo umenikamata! Wote wamekwenda kuwaleta watu wangu mkutanoni."

Alisema kweli, zizi lilikuwa tupu. Räsänen alirudi kwa Riikka mikono mitupu, na njia nzima alijiona bure kabisa. Alipokaribia kisima akasimama ghafla.

Ng'ambo ya kisima, moshi ulikuwa ukifuka kutoka kwenye sauna ya jirani yake Riikka, Taavetti Puustinen, kile kibanda cha kuogea kwa mvuke.

Nayo ilikuwa Jumatano. Haukisalmi watu huoga Jumamosi. Sauna ikiwashwa katikati ya wiki, ama kuna maiti ya kuoshwa, ama kuna mtoto anakuja. Kengele ya msiba haikulia. Basi ni Anni, mke wa Taavetti. Lakini siku zake zilikuwa bado!

Kabla hajapiga hatua, Taavetti alitokea mbio, kofia mkononi, akielekea mlangoni kwa Riikka.

"Mama Riikka! Mama Riikka! Anni ameshikwa!"

Riikka hakuuliza neno. Mkutano, hotuba, kura, vyote akaviacha hapo mlangoni, akabeba mkoba wake.

Wanaume hawaingii sauna ya uzazi. Räsänen na Taavetti wakaketi kwenye rundo la kuni, na ndani Anni akilia. Taavetti alijifunika uso. Glavu zake zilikuwa na madoa meusi.

"Lami hiyo?"

"Nilikuwa... natengeneza mtumbwi."

"Machi? Ziwa limeganda, bwana."

Räsänen aliinuka, akazunguka nyuma ya kibanda, Taavetti akimfuata. Skii mbili zilikuwa zimechomekwa kwenye theluji.

"Ulizificha saunani, ukazitoa ilipowashwa."

"Nilijua haitawashwa mpaka Jumamosi. Mpaka hapo mkutano umepita, ningezirudisha. Kumbe mtoto naye kaharakisha."

"Mbona hukuzichoma?"

"Aa, afande! Uchome miguu ya mkunga? Hata mimi sijafika huko."

"Nani alikutuma? Hallberg?"

"Hakuna." Alikunja kofia mikononi. "Tumezika wawili. Mara zote mbili nilikimbia kumwita, mara zote mbili alikuwa mbali, kwa wengine. Nikasikia sasa anataka kwenda bungeni Helsinki, kuvaa kofia na kukaa na wakubwa. Nikasema hapana. Huyu wa tatu simziki. Nifunge, lakini simziki."

Räsänen alitaka kusema la kisheria, akaliacha. Akamshika bega.

Ndipo mtoto akalia. Sauti kali, yenye hasira zake. Taavetti akaanguka magoti kwenye theluji, akalia naye.

Riikka alitoka akijifuta jasho, akawakuta huko nyuma. Aliziona skii, akaiona glavu, akaelewa.

"Ni msichana, na mama mzima. Bibi yake yuko naye," alisema. "Ee Taavetti! Unajua nilikuwa nakwenda kusema nini?"

"Sijui, mama."

"Ziwa ni refu, mkunga ni mmoja. Wale wawili wako ndio walionifanya nigombee. Nataka sheria itupe mkunga wa pili, na wa tatu."

Taavetti akazing'oa skii kwenye theluji, akamwekea miguuni.

"Mlalamikaji, unamshitaki?" aliuliza Räsänen.

"Nimechoka, afande. Miguu hainibebi hata juu ya skii. Na jua bado lipo, mkutano haujaisha; mashitaka ya nini?"

Kutoka ndani, sauti dhaifu ya Anni ikapenya mlangoni: "Taavetti! Nimesikia yote, mume wangu. Mpeleke! Na ukifika usijifiche nyuma ya watu kama kawaida yako. Useme!"

Taavetti alileta kigari kisicho na magurudumu, cha kuburutia mapipa ya maji kwenye theluji, akatandika nyasi kavu, akamkalisha mkunga, akajifunga kamba kifuani kama farasi. Inspekta akasukuma kwa nyuma, theluji ikiwafika kiunoni. Hivyo wakalivuka ziwa, mwizi, polisi na mgombea, Riikka akiwatania kwamba punda wake hawaendi sawa. Walipopita makaburini Taavetti alivua kofia, lakini hakusimama.

Shuleni Hallberg alikuwa akimalizia hotuba, huku watu wakinong'ona kwamba mkunga ameogopa. Mlango ukafunguka. Taavetti, ambaye hajawahi kuinua sauti mbele za watu, akasimama katikati, kamba ingali kifuani, Riikka nyuma yake.

"Msimlaumu kuchelewa. Skii zake niliziiba mimi. Alikuwa kwangu." Akameza mate. "Mwanangu amelia."

Ukumbi ukawa kimya. Kisha mwanamke mmoja akasimama, kitoto mgongoni. Akafuata mwingine, na mwingine, hata wote wakawa wamesimama. Hallberg akawatazama, akashuka jukwaani, akampa mkunga mkono apande.